Mahali Chai Ilipokataa

Chini ya mguu wangu wa kushoto kuna kovu, jeupe kidogo, ukubwa wa kifuniko cha soda. Daktari akiliona huuliza kama nilikanyaga waya. Namwambia hapana, nilikanyaga gari la moshi. Hapo huandika kitu kwenye karatasi yake na kunitazama vingine.

Lakini ni kweli. Tulikuwa vijana watatu tuliotoka jandoni msimu mmoja. Hatukuwa tumeona kitu chochote na tulijiona tumeona vyote. Mmoja wetu alikuwa na mjomba aliyekata miwa kule chini, na huyo mjomba alisema Fort Ternan hupita nyumba ya chuma inayopumua. Tukabeba kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu yaliyolala, tukabeba na mahindi ya kuchoma, tukashuka kwa miguu kwenda kuona. Kweli ilikuwa inapumua. Ilisimama pale stesheni ikinywa maji kama ng'ombe aliyetoka mbali, na jamaa mmoja mwenye kofia iliyolowa jasho akawa anaikwangua chini ya tumbo kwa chuma kirefu. Majivu yakamwagika kando ya reli, chungu nzima, laini kama unga wa wimbi.

Rafiki yangu akanigusa kwa kiwiko. "Wewe uliyesimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, majivu tu yatakushinda?"

Nikaweka mguu. Sina haja ya kueleza zaidi. Nilitaja babu zangu wote, wa upande wa baba na wa upande wa mama, na yule jamaa wa reli alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye alinimwagia maji. Akasema, "Kijana, juu baridi, chini moto. Kwani kwenu mama hapiki?"

Kushuka kulituchukua siku moja. Kupanda kulituchukua nne, kwa sababu mimi nilikuwa naruka na fimbo kama korongo. Tukazunguka kwa Sigowet, kwa shangazi wa mmoja wetu, ambaye alinipaka asali kwenye jeraha na kunitukana polepole huku akipaka. Nasema hivi kwa sababu mwenzangu anayetembea kwa miguu miwili haoni nchi. Anaona njia tu. Anayeruka kwa mguu mmoja analijua kila jiwe. Kule chini udongo ulikuwa mweusi, umepasuka, unashika fimbo usiiachie, na miwa imesimama imenyamaza kwa joto. Ukipanda kidogo, mawe na mbuzi. Ukifika Sigowet, mahindi, ndizi, nanasi, na watu wanaolala bila blanketi la pili. Halafu hewa inaanza kukubana puani, fimbo inaingia kwenye udongo mwekundu bila kelele, na mbele yako chai imelala juu ya vilima kama blanketi lililokatwa kwa mkasi. Siku ile ya nne nilikaa juu ya jiwe, mguu umevimba kama boga, nikatazama nilikotoka. Nikajua nchi yetu ni ngazi, na mimi nimezaliwa kwenye kidato cha juu. Mpaka leo sijamsikia mwalimu akisema vizuri zaidi, ingawa kusema kweli walimu sikuwasikia sana. Niliishia darasa la tatu.

Kwetu ni pale Kericho inapokaribia kupeana mkono na Bomet. Shamba letu ni mgongo mmoja wa kilima, mrefu na mwembamba, na kila upande una kijito. Juu kabisa kuna chemchemi ndogo inayotoka chini ya kisiki cha mti mkubwa ambao baba yangu aliukata kabla sijazaliwa na akaujutia mpaka akafa. Hiyo ya juu hukauka Januari. Chini, upande jua linakochomoza, kuna chemchemi kubwa. Hiyo haijakauka hata siku moja katika maisha yangu. Inatoka kwenye mwamba, baridi mpaka meno yanauma, na inalisha nduma, majani ya ng'ombe, na nusu ya majirani. Mtoto wangu wa pili anataka kufuga samaki hapo. Mimi nimemwambia ng'ombe kwanza, samaki baadaye. Juu ya bonde ni chai, chai, chai, halafu nyumba, halafu mahindi kidogo, halafu mibuluu ya kuni, ile mikaratusi, niliyoipanda mbali na maji, kwa sababu mti huo unakunywa kuliko mlevi yeyote ninayemjua, na ninawajua kadhaa.

Mvua yetu haihitaji redio. Saa nane upepo unatoka upande wa ziwa umebeba joto. Saa tisa upepo wa msituni, wa Mau, unashuka na baridi yake. Wanakutana juu ya vichwa vyetu na hawapatani. Saa kumi tumelowa. Ndiyo maana wachumaji wetu huamka mapema, mgongoni kikapu, kiunoni nailoni, na mchana tayari majani yako kwenye kituo yakingoja lori. Mara nyingine ugomvi unakuwa mkubwa na mawe ya barafu yanaanguka, na chai ya wiki tatu inabaki vipande chini. Mama yangu alikuwa akitupa mwiko nje mlangoni mawe yakianza. Hayakuacha hata siku moja, lakini alisema bila mwiko yangekuwa makubwa zaidi, na nani angeweza kumpinga?

Watu wa mjini hudhani chai ni mmea mpole. Chai ni kama mama mkwe. Inataka mvua lakini haitaki kusimama kwenye maji. Inataka udongo mwekundu, mrefu kwenda chini, na tena udongo huo uwe mkali, mchachu. Uchachu ndio chakula chake. Hiyo sikuijua. Niliijua kwa kuaibika, na hapo ndipo mahali ninapokwenda na hadithi hii, nisamehe kama nimezunguka.

Baba alipokufa, nilikuwa tayari na mke na watoto wawili. Majirani wote walikuwa wanapanda chai. Nikaleta miche yangu kwenye karatasi za nailoni, kila mmoja na udongo wake, nikaanza kufikiria niipande wapi kwanza. Sasa sisi ni watu wa ng'ombe. Mtu wa ng'ombe anajua kitu kimoja kabla ya kujua vingine vyote: mahali ng'ombe walipolala, hapo kila kitu humea. Na katikati ya shamba letu palikuwa na boma la zamani la baba yangu, la duara, hatua arobaini kutoka upande hadi upande, mbolea imeoza humo miaka na miaka mpaka udongo ukawa mweusi na unanukia utajiri. Kando yake ndipo ilipokuwa nyumba ya mama, na kando ya nyumba mahali alipokuwa akimwaga majivu kila asubuhi. Nikasema, chai yangu haitalala chini kama ya maskini. Nitaipa kitanda cha ng'ombe.

Nilikuwa na rafiki, mtu wa upande wa ziwa, aliyefanya kazi kwenye bustani ya miche ya estate moja, shamba kubwa la chai la kampuni, karibu na Kericho. Yeye alikuja Jumapili kunitembelea, akanikuta nimepiga mashimo kwenye boma lote, kamba zimenyooka kama za jeshi. Akasimama. Akachukua udongo kidogo, akauweka ulimini. Akatema.

"Omera, ndugu, hapa usipande."

"Kwa nini?"

"Ni tamu."

"Tamu ndiyo nataka."

"Chai haitaki tamu. Kwa estate, mahali palipokuwa na nyumba ya mtu au boma, au mahali walichoma makaa, tunaweka alama na tunapaacha. Au tunaweka salfa miaka. Hapa chai itakufa, ndugu yangu."

Nilicheka. Nilimwambia mambo ambayo leo nayakumbuka na masikio yanapata moto. "Wewe ni mtu wa samaki. Utaniambia nini juu ya mavi ya ng'ombe?"

Hakukasirika. Alikunywa chai yangu, ile ya kununua dukani, akaaga. Mlangoni akasema, "Siku chai itakapokuwa manjano, usiniite. Nitakuja mwenyewe nicheke."

Mwaka wa kwanza ilishika. Nikatembea kifua mbele. Mwaka wa pili majani yakaanza kupauka kama mtu mwenye malaria. Mwaka wa tatu ilikuwa manjano, halafu ikakauka, shina moja baada ya jingine, na miche niliyoipanda nje ya boma kwa dharau, kwenye udongo mwekundu ambao sikuutilia hata kofi moja la mbolea, ikawa inapanda kijani kibichi mpaka inakera. Baada ya miaka mitano ukisimama ng'ambo ya kijito uliona shamba langu lote la kijani, na katikati duara la kahawia, na kando ya duara kadoa kengine, pale palipokuwa nyumba ya mama. Kama kichwa cha mzee. Watu wakaniita Upara. Mpaka leo kwenye kituo cha majani kuna wazee ambao hawajui jina langu lingine. Na rafiki yangu alikuja, kama alivyoahidi, akakaa kwenye kigoda, akauliza, "Samaki alisema nini?" Nikamchinjia kuku.

Nikang'oa vile visiki, nikapanda boga na sukuma wiki. Sijawahi kuona boga kama hizo. Mke wangu alikuwa anazibeba moja moja. Kwa hiyo boma la baba halikunitupa, lilikataa tu kupewa kazi isiyokuwa yake.

Na kuna kitu kingine, ambacho sikumwambia mtu. Chini kabisa, karibu na chemchemi kubwa, katikati ya chai nzuri, kulikuwa na mahali pengine pa manjano. Padogo. Hatua sita tu. Nilidhani mtu alichoma makaa. Siku moja nikapachimba nijue, na jembe likagonga jiwe, na jiwe la pili, na la tatu. Mafiga. Mawe matatu ya kupikia, meusi upande wa ndani, yamekaa bado kama yanangoja sufuria. Mtu alikuwa ameishi hapo. Si mama yangu, maana nyumba ya mama ninaijua. Nikayafukia tena. Mke wangu akaniuliza nimepata nini, nikasema mawe. Haukuwa uongo.

Basi miaka ikaenda. Watoto wakawa wakubwa, wa kwanza msichana, wawili wavulana, na mimi nikaanza kusikia magoti yakiongea nikipanda kutoka mtoni. Hati ya shamba ilikuwa bado kwa jina la baba. Nikasema kabla sijafa nigawe, wasije wakagawana kwa panga. Tangazo likabandikwa kwa ofisi ya naibu wa chifu: mwenye neno juu ya shamba hili aje aseme. Nani angekuja? Nilikuwa hata nimeisahau hiyo karatasi.

Alikuja mtu kutoka Sigowet. Makamo, kofia ya kahawia, viatu vimepakwa rangi vizuri, na mkononi kikapu chenye nanasi moja kubwa. Alinisalimu kwa lugha yetu, kwa heshima kabisa, akaniita boiyo, mzee. Akampa mke wangu nanasi. Alikaa, akaongea juu ya mvua. Nikampenda. Ndipo akasema, "Boiyo, sitaki tuonane kwa ofisi kabla sijakuja kwako. Mimi nina neno juu ya hili shamba."

Akaeleza. Babu yake, alisema, ndiye aliyekuwa na mgongo huu wa kilima. Baba yangu alikuwa mchungaji wake, mtu aliyepokewa. Kifua cha babu kikawa kibaya kwa baridi, akashuka Sigowet kwenye joto, akamwachia baba yangu ng'ombe na shamba aangalie. Halafu wapima ardhi wakaja, wakaandika jina la yule waliyemkuta. Hiyo ndiyo hadithi aliyolelewa nayo. Bibi yake aliirudia mpaka pumzi ya mwisho.

"Siombi lote," akasema. "Nusu ya chini. Ile yenye maji."

Nusu ya chini. Nilihisi kama mtu amenivua shati kanisani. Bila ile chemchemi, nusu ya juu ni mgongo tu wa kupigwa na upepo. Ng'ombe wangekunywa wapi Januari? Nduma, majani ya ng'ombe, samaki wa kijana wangu, yote yalikuwa pale chini. Na zaidi ya hayo, nisiseme uongo, kulikuwa na baba yangu. Maisha yangu yote nimesimama juu ya kilima hiki nikisema ni cha baba. Sasa nikaambiwa alikuwa mchungaji aliyekalia kiti cha mwenyewe.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia nanasi zake zimepata jua jingi zikampanda kichwani. Akasimama, akavaa kofia, akasema tutaonana siku ya wazee. Mke wangu alikata lile nanasi, tamu kabisa, tukalikula tumenuna. Kichwa chake alikipanda nyuma ya jikoni. Kipo mpaka leo, kimekaa tu kwenye baridi, hakizai na hakifi.

Siku ya wazee naibu wa chifu alikuja mwenyewe, mama mmoja mkali, kofia yake imekaa upande, na gambuti miguuni kwa sababu anatujua. Wazee watatu, majirani, wanangu, na yule rafiki yangu wa ziwa, ambaye alistaafu na kujenga karibu na kituo cha majani, siku hizi anatembea na bakora. Mzee mmoja alipomwona akanong'ona, kwa sauti ya kusikika, "Mtu wa ziwa anatafuta nini kwa mipaka yetu?"

"Anatafuta kuku wake wa pili," nikasema. "Keti, mzee."

Naibu wa chifu hakutaka hotuba. Akamgeukia mtu wa Sigowet. "Wewe ndiye uliyeleta neno. Kabla mwenye nyumba hajafungua mdomo, tuonyeshe. Babu yako alijenga wapi?"

Yule bwana alikuwa amejitayarisha. Akasema bibi alimweleza yote. Mlango uliangalia jua linapochomoza. Maji yalikuwa karibu, ukilala unayasikia. Na boma la ng'ombe lilikuwa kubwa. Akatembea mbele yetu, akapanda mpaka chemchemi ya juu, kwenye kile kisiki, akanyoosha mkono. "Hapa. Nyumba hapa, na boma pale."

Tukatazama. Chai ilikuwa imejaa, imebanana, juu yake pamenyooka kama meza, ungeweza kuweka kikombe kisimwagike. Kijani cheusi. Nilikuwa nimeipogoa miaka miwili nyuma na ilikuwa kwenye ujana wake.

Rafiki yangu akaanza kucheka kidogokidogo, ndani ya koti.

"Mzee, unacheka nini?" naibu wa chifu akauliza.

"Madam, nimefanya kazi ya chai mpaka meno yameisha. Hapa hajawahi kulala mtu. Hajawahi kulala hata mbuzi. Mahali pa majivu na mavi ya ng'ombe, chai inakataa. Muulizeni Upara."

Watu wakapasuka kicheko. Nikawapeleka katikati ya shamba, kwenye boga zangu. Nikazunguka duara nikihesabu hatua, nikawaonyesha na kadoa ka nyumba ya mama, na pembeni chai mbili tatu za manjano ambazo sijawahi kuzing'oa, nimeziacha zinikumbushe ujinga. Wale wazee wakainama. Mmoja akachukua udongo, akanusa, akasema, "Hawa walikuwa ng'ombe wengi." Nilisikia shingo yangu ikinyooka. Miaka yote nimebeba lile jina kama ugonjwa, na siku ile upara wangu ulisimama ukatoa ushahidi. Nilipiga mhuri wa baba yangu kwenye udongo kwa ujinga wangu mwenyewe, na hakuna ofisi ingeweza kuufuta.

"Pengine ni hili," mtu wa Sigowet akasema. "Pengine hili ndilo boma la babu."

"Uliambiwa maji yanasikika," naibu wa chifu akamjibu. "Unasikia maji hapa?"

Tukatega masikio wote. Kulikuwa na kuku tu.

Hapo ingekuwa imeisha. Mke wangu alikuwa tayari anapuliza moto, mkaango wa chapati juu, na wazee wanaelekea nyumbani wakiongea juu ya mambo mengine. Lakini mimi nilikuwa namtazama yule bwana. Alikuwa amesimama ukingoni mwa boma ameshika kofia, anatazama miguu yake, na viatu vyake vizuri vimejaa udongo. Na maneno ya bibi yake yalikuwa yananizunguka. Mlango kwa jua. Maji ukilala unayasikia. Nilipajua mahali hapo. Nilikuwa nimepajua miaka mingi na nimepafukia.

Nikamwambia, "Kuja."

Mke wangu akaniona. Anasoma uso wangu kama watu wengine wanavyosoma gazeti. Akanifuata mpaka kwenye ua, akanishika mkono wa koti. "Wewe mzee. Umeshinda. Kaa chini ule chapati."

"Nakuja sasa hivi."

"Una wazimu?"

Labda. Mpaka leo sijui kama nilimpeleka kwa wema au kwa majivuno. Mtu aliyeshinda anakuwa mkarimu kupita kiasi. Pengine nilitaka aone kwamba shamba langu halifichi kitu, kwamba hata kikiniumiza litakisema. Nilikuwa na kiburi na huo udongo kama mtu mwenye fahali wa maonyesho. Lakini pia nilijua, sitadanganya hapa, nilijua kwamba wazee wakiliona lile doa wanaweza kurudi kwenye viti vyao na kuanza upya, na jioni nikalala bila maji.

Tukashuka wawili kati ya mistari ya chai, yeye nyuma. Inakwangua nguo kiunoni, ile chai, na ikiwa na umande inakulowesha mpaka ndani. Tulipofika nikasogeza matawi.

"Hapa," nikasema.

Akaona. Doa la manjano, dogo. Nikapiga magoti, magoti yakalia, nikafukua kwa panga mpaka mafiga yakatokea. Matatu. Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya moja, akakiacha hapo kama mtu anayepima homa ya mtoto. Chemchemi ilikuwa inasikika wazi, ikimwagika kwenye mwamba. Mbele, jua linakochomoza, hakuna kitu kinachozuia.

"Ni hapa," akasema. "Kogo alisema ukweli." Alimwita bibi yake hivyo, kogo, kama watoto wanavyoita, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Nafikiri ni hapa," nikasema.

Akasimama. Akapima kwa hatua, akafika sita, akarudi. Nyumba ya watu wawili, pengine na mtoto mmoja. Halafu akaanza kuzunguka. Alipita kwenye chai upande wa juu, akasogeza matawi, akatazama majani. Kijani. Akaenda upande wa mto. Kijani. Akaenda mbali kidogo, akarudi, akaenda upande wa tatu. Nilijua anachotafuta. Mimi mwenyewe nilikitafuta, mwaka ule nilipochimba. Nilitembea hapo asubuhi nzima.

"Boma liko wapi?" akauliza.

Nilifuta panga kwa majani, pande zote mbili, nikalitazama.

"Boma ni lile moja," nikasema. "Lile la juu."

Kwetu huhitaji kumweleza mtu zaidi ya hapo. Mwenye kilima analala kando ya ng'ombe wake. Nyumba ikikaa peke yake chini mtoni, bila mahali pa ng'ombe, ni ya mtu aliyepewa mahali. Aliyepokewa. Nilimwona akilipata hilo neno polepole, neno lile lile alilokuja nalo nyumbani kwangu na nanasi, akilisema juu ya baba yangu. Nilitaka nimwambie kwamba si aibu, kwamba baba yangu hakupokea mtu asiyempenda, kwamba nani anajua, labda walikunywa maji haya pamoja wakicheka kama mimi na mtu wangu wa samaki. Lakini sikuwa najua hayo. Baba hakuwahi kuniambia habari zao hata neno moja, na hiyo nayo ni kitu ambacho sikijui maana yake.

"Chapati ziko tayari," nikasema. "Chukua mawe ukitaka. Ni ya bibi yako."

Akatikisa kichwa. Alivaa kofia yake, akaivua tena, akainama kidogo mbele ya yale mafiga, na sijui kama alikuwa anayasalimu au anafunga kamba ya kiatu. Kisha akapita kando yangu, si kwenda juu kwa wazee bali kushuka, akaruka kijito pale penye jiwe bapa, akashika njia ya ng'ambo inayotokea barabarani. Nikamwita mara moja. Alinyanyua mkono bila kugeuka, akaendelea kutembea, na hajarudi tena.